Ngazi ya Kuzibwa

Ghorofa ile fundi aliijenga mwenyewe, enzi mtaa mzima ulipokuwa wa maharusi na kila mimba ilidai chumba chake. Siku hizi vijana hapo ni wa kutafuta kwa tochi, wazee magoti yamegoma, na mkate wa fundi ni kuziba ngazi.

"Ziba mpaka juu, mwanangu," bibi mwenye nyumba alimwambia. "Mzee wangu anasahau. Anapanda kuwafunika watoto blanketi, na kitinda mimba wetu ana mvi! Ataanguka."

"Yuko wapi sasa?"

"Amelala chumbani."

Fundi alipanga matofali harakaharaka. Alipobandika la mwisho, akasikia nyayo juu. Zilitembea polepole, zikasimama. Mlango ukafunguliwa, kisha mwingine.

Mwiko ulimponyoka. Bibi alikimbilia chumbani, akafunua shuka, akakuta mito mitupu. "Mungu wangu! Bomoa!"

Fundi aliusukuma ukuta kwa bega, saruji ingali mbichi. Upande wa pili nyayo zilikuwa zikishuka gizani.

"Mzee, usishuke!" alipiga kelele. "Kaa hapo hapo!"

Nyayo hazikusikia. Matofali mawili yakaanguka, na kwenye tundu ukatokea uso wa mzee, umetulia tuli.

"Fundi, taratibu," alinong'ona. "Watoto ndiyo kwanza wamelala."

Na fundi, ambaye wanawe wote wako ng'ambo na kwake bado anawajengea ghorofa, akajikuta ameshusha sauti.