Kiti cha Mbele

Kiti changu ni cha chuma, kimefungwa juu ya bampa ya gari la watalii, nje kabisa. Kazi yangu ni kusoma nyayo. Dereva anakaa nyuma ya kioo, wageni nyuma ya dereva, mimi mbele ya wote kama chambo kwenye ndoana.

Dereva ni shemeji yangu, kamuoa dada yangu. Siku tano anaendesha kwa adabu. Siku ya sita, ya mwisho ya safari, adabu inamtoka, maana jioni yake ndipo wageni hutoa bahasha ya bakshishi, na tumefundishwa kwamba mgeni aliyetetemeka hutoa zaidi kuliko aliyefurahi. Nani katufundisha? Mwenye kambi, anayetulipa nusu mshahara na kutuambia nusu nyingine tukaiombe kwa wageni. Sijasahau. Wala sijamsahau aliyekikalia kiti hiki kabla yangu. Alirudi kwao na mguu mmoja na blanketi la kambi, zawadi.

Asubuhi ya siku ya sita moja tulimkuta tembo jike na ndama wake kwenye mto mkavu. Nikainua mkono, gari likasimama. Kisha nikamsikia mgeni mmoja mzee akimhimiza shemeji asogee, akicheka. Gari likasogea.

"Shemeji, ana mtoto," nilisema bila kugeuka. Dirisha lake lilikuwa wazi.

"Hatua kumi tu. Mzee huyu ana mkono wazi."

"Mkono wake, mbavu zangu."

"Acha uoga, bwana. Mtu mzima na ndevu zako."

Jike akatanua masikio. Hilo bado ni onyo. Halafu akayabana kichwani, akakunja mkonga: sasa anakuja kweli. Kuruka chini ni kufa mapema. Kupiga kelele ni kumwita. Nikapiga magoti kitini, nikampa tembo mgongo, nikamkodolea shemeji macho kupitia kioo. Nilitaka, kama ni kufa, aone uso wangu, si kisogo, akamsimulie dada yangu ulikuwaje.

Vishindo nilivisikia magotini, kupitia chuma. Niliona midomo ya shemeji ikipauka. Gia ikalia, ikakataa, ikalia tena, ndipo gari likarudi nyuma kwa kasi hata nikakumbatia boneti. Jike alisimama pale pale tulipokuwa, vumbi likamfunika.

Hakuna mgeni aliyepiga makofi; wote walikuwa wameuona uso wangu.

Jioni bahasha ilikuwa nyepesi, na tunaigawana watu saba.

"Siku tano nawaokea mikate," mpishi alisema, "wewe kwa kuwageuzia wageni uso ule umewaharibia raha, na sisi bahasha."

"Na mimi nina karo ya kulipa, mwanangu," alisema mama wa kufua.

"Anayetaka bahasha nene, kiti kipo," nilisema. "Kesho akikalie yeye."

"Mimi mzito, kitakatika," mpishi alisema, akacheka peke yake. Shemeji alikuwa anatazama mikono yake.

Kulipokucha wakaja wageni wapya. Nikapanda kitini. Ningekataa ningefukuzwa, na wanangu wanakula kwa kiti hiki. Shemeji akaja kusimama kando yangu, ufunguo mkononi.

"Dada yako kapiga simu jana," alisema. "Akaniuliza, kaka yangu hajambo?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilikata simu."

Akaingia garini. Tuliondoka polepole, mimi nimeshika chuma kwa mikono miwili.