Makopo Tisini

"Iache ikauke kwanza," mwanamke mwenye brashi alimwambia msimamizi bila kuinua kichwa. "Ukiegemea sasa hivi utarudi kwako na namba mgongoni kama mchezaji."

Msimamizi alicheka, akabaki amesimama. Mwanamke huyo alikuwa mwandika namba wa uwanja mpya, peke yake tangu kazi ianze. Anaweka kibati kilichotobolewa tarakimu kwenye mgongo wa kiti, anapitisha brashi, anabandua, anasogea. Kila jukwaa lilianza moja upya, kwa hiyo namba zenyewe hazikumwambia jumla.

"Kesho redio inakuja, moja kwa moja," msimamizi alisema. "Mkuu wa kamati anataka mfanyakazi aseme viti vyote elfu arobaini viko tayari kwa mashindano. Nimekutaja wewe. Huna maneno mengi."

"Kwani vimefika elfu arobaini?"

"Wewe andika, dada. Kuhesabu kuna wenyewe."

Jibu hilo halikumridhisha. Miezi yote alikuwa akipelekwa jukwaa hili, kisha lile, na la mashariki hakuwahi kulikanyaga. Lilifunikwa turubai kubwa lenye picha ya mpira. Mchana, wenzake walipokwenda kula, aliinua pindo la turubai akachungulia. Saruji tupu. Magugu yalikuwa yameota kwenye ngazi, na mjusi alimtazama kama mwenye nyumba anayeuliza shida yako nini.

Nyumbani alimkuta baba yake, mpaka rangi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi. Kila siku mzee huyo alisikiliza habari kwenye kibanda cha fundi viatu pamoja na majirani, na neno lake lilikuwa moja: uwanja umeshaisha redioni, sisi tunausubiri ushuke chini.

"Mmemaliza makopo mangapi?" mzee aliuliza.

"Baba, nani anahesabu makopo?"

"Mpaka rangi. Kopo moja ni viti mia tatu kwa mkono mwepesi. Na wako mwepesi, nimekufundisha mwenyewe."

Asubuhi aliwahi stoo kabla ya wenzake. Makopo matupu yalikuwa yamerundikwa nyuma ya mlango, na aliyapanga kumi kumi. Tisini. Aliyapanga tena, maana hakuyaamini macho yake. Hapo ndipo hofu ilipomshika. Akisema kweli, kibarua kitaota nyasi. Akisema alivyoagizwa, baba yake atamsikia akidanganya mbele ya majirani.

Saa nne mtangazaji alimsogezea kipaza sauti. Mkuu wa kamati alisimama pembeni, kofia ya ujenzi mpya kichwani.

"Dada, waambie wasikilizaji. Viti viko tayari?"

"Mimi naandika namba," alisema. "Naandika peke yangu. Kiti kikishafungwa tu, nakiandika. Kopo moja la rangi linatosha viti mia tatu. Mpaka leo nimemaliza makopo tisini, na hakuna kiti kilichobaki bila namba."

Mkuu wa kamati alipiga makofi. "Makopo tisini! Mmesikia wenyewe. Huo ndio uzalendo."

Kwenye kibanda cha fundi viatu hakuna aliyecheka. Brashi aliomba chaki ya kuchorea soli, akainamia kipande cha ngozi, akaanza kuzidisha tisini kwa mia tatu.

"Elfu ishirini na saba," alisema muuza nyanya kabla mzee hajamaliza kuandika.

"Na wao wanasema arobaini," fundi viatu alisema.

Mzee alifurahi na kuogopa kwa pamoja. "Huyo ni mwanangu," alisema, kana kwamba hawakujua.

Uwanjani, mtangazaji alikuwa amefungua daftari lake. Aliandika kitu, akakikata, akaandika tena, halafu akageuka kulitazama lile turubai la mashariki kwa muda mrefu. Mkuu wa kamati bado alikuwa akitabasamu simu yake ilipoanza kulia.

Mwandika namba alirudi juu. Fundi mmoja alikuwa amefunga kiti kipya mwisho wa safu, naye akafungua kopo la tisini na moja. Kule chini msimamizi alianza kupanda ngazi polepole, simu sikioni, akiitikia ndiyo mkuu, ndiyo mkuu. Mwanamke akaweka kibati, akapitisha brashi, akabandua. Kisha akakaa kando kusubiri namba ikauke.