Herufi za Mzee Patasi

Siku Mzee Patasi alipofariki, jiwe la kaburi la mtu mwingine lilibaki uani limechongwa nusu. Kwa miaka arobaini alikuwa amechonga kwa mkono majina ya marehemu wa mji mzima. Kila jina alilianza kwa herufi pana, za kujidai, kisha nafasi ikamwishia, na herufi za mwisho zikabanana ukingoni kama watu waliokimbilia kibaraza kimoja mvua iliponyesha. Hakuna aliyelalamika. Wenye majina hawakuwa na neno, na wafiwa walikuwa wakilia.

Sasa jiwe lake mwenyewe lilitaka maandishi, na mchongaji ndiye huyo kalala. Binti yake, kitinda mimba, alitaka jambo moja tu: jina la baba liandikwe kwa mkono wa baba. Akaenda kwenye duka lenye mashine ya kuchonga mawe, akiongozana na baba yake mdogo, mwenyekiti wa kamati ya jiwe, cheo alichojipa mwenyewe.

Fundi wa mashine akawafungulia orodha ya fonti, mitindo ya herufi, kwenye kompyuta.

"Hii inaitwa Mwamba wa Kale. Imechongwa kwa mkono."

"Mkono wa nani?"

"Wa kompyuta, dada."

Binti akaitazama. Kila A ilikuwa imemeguka mguu wa kushoto, pale pale, kama mapacha walioanguka kwenye ngazi moja.

"Mimi naipenda ile yenye mikia," alisema baba mdogo.

"Hiyo ni ya kadi za harusi, mzee."

"Basi ina heshima."

Binti akaaga. Kwa siku tatu alizunguka makaburini, akiweka karatasi juu ya mawe aliyochonga baba yake na kusugua penseli mpaka herufi zijitokeze. Mjane mmoja alimkuta amepiga magoti kwenye kaburi la mumewe.

"Unamwibia nini?"

"M, mama. Nakopi tu, yake inabaki."

"Chukua. Anazo mbili."

Aliporudi dukani na baba mdogo, fundi alizipitisha karatasi kwenye skana, akakuna kichwa. "Hizi A mbili hazifanani. Nizinyooshe?"

"Ukizinyoosha, naondoka na karatasi zangu."

"Na jina halitoshi kwenye jiwe. Nilipunguze, likae katikati?"

"Yeye hakuwa akipunguza. Libanane mwishoni."

"Tutachekwa, mwanangu," alisema baba mdogo. "Watasema hata kaburini hajajifunza kupima."

"Waseme, baba. Watakuwa wamemtambua."

Mwenyekiti akaomba maji ya kunywa.

Jiwe lilisimamishwa Jumamosi. Watu walilitazama, wakatazamana, na mmoja akacheka huku akifuta machozi. Wiki iliyofuata fundi alimwomba binti ruhusa ya kuzihifadhi zile herufi, naye akampa.

Sasa fonti hiyo imo kwenye orodha ya dukani, chini ya ile ya harusi. Inaitwa Mzee Patasi, na ina herufi kubwa tu, maana ndogo hakuwahi kuchonga.