Saini ya Kiguu na Njia

Kiguu na Njia hakuwa na mkia kamili. Nusu yake aliiacha kwenye mlango wa lori la mboga. Hakuwa na ncha ya sikio la kushoto, maana aliwahi kubishana na bata bukini. Hakuwa na kidole kimoja cha mguu wa mbele wa kulia, kilichokwenda na mnyororo wa baiskeli ya muuza mikate. Hakuwa na ukoo wa kujivunia, hakuwa na subira mbele ya nyama, na woga hakuwahi kuuona hata kwa mbali. Na tangu Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, hakuwa na pumzi.

Alikufa kwa uzee tu, amejinyoosha juani mlangoni pa karakana ya bwana wake, pua ikielekea barabarani kama mtu anayepanga safari nyingine. Walimzika mbwa wao nyuma ya nyumba, chini ya kamba ya kuanikia nguo. Mke wa bwana huyo alishikilia kwamba alazwe akitazama lango, asije akapata taabu ya kugeuka.

Bwana wake alikuwa mchonga mihuri. Kwa miaka arobaini alikuwa amechonga mihuri ya shule, zahanati, vyama na maghala, na sifa yake ilikuwa moja: hakuwahi kughushi. Watu walimjia na karatasi zilizokunjwa mara nne, wakinong'ona, "Mzee, nichongee kama huu hapa." Naye aliwajibu kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara, "Mwenye ofisi aje mwenyewe!" Wakatoka mbio.

Kitinda mimba wao, binti, alikuwa kwenye chuo cha uuguzi, mwendo wa siku mbili. Kila baada ya wiki mbili baba alimwandikia, na hakuna barua iliyoondoka bila saini ya Kiguu. Mguu wa mbele wa kulia ulichovywa kwenye wino wa bluu, ukakandamizwa chini ya karatasi, kisha mwenye saini akaondoka zake akiipiga chapa dunia nzima: sakafu, mito ya viti, na siku moja suruali nyeupe ya mwalimu mkuu aliyefuata muhuri wa shule.

Sasa barua ya binti ilikuwa juu ya meza. "Baba, mtihani wa mwisho umebaki wiki tatu. Nitumie saini ya Kiguu niibandike ukutani, inipe moyo. Bado anatoroka?"

Mzee aliisoma mara mbili. Halafu akachukua kipande kizuri cha mpira, akanoa kisu.

"Wiki tatu tu," alijiambia. "Akimaliza mtihani, nitamwambia."

Alichonga asubuhi nzima. Mkewe alipoingia na beseni la nguo, alivuta gazeti haraka akafunika.

"Unachonga nini, Baba Watoto?"

"Kazi ya mteja."

"Mteja gani huyo anayefunikwa gazeti kama kitumbua?"

Mzee akaona hana pa kukimbilia. Akaupaka muhuri wino, akaugonga kwenye karatasi, akamsogezea. Mama akafuta mikono, akaitazama alama ile kwa karibu, akaitazama kwa mbali, kisha akaangua kicheko mpaka akakaa kwenye benchi la wateja.

"Huyu ni mbwa wa nani?"

"Wa nani tena? Si Kiguu!"

"Kiguu gani mwenye vidole vinne? Umemwotesha kidole marehemu!"

Mzee akahesabu. Vinne, vimepangana kama vifungo vya koti la askari. Mkono wake wa miaka arobaini ulikuwa umekataa kutoa kazi yenye kasoro. Ulikitengeneza hata kile kilichoharibiwa na baiskeli. Naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Basi nakitoa. Kisu hiki hapa."

"Kitoe. Halafu akija likizo, akasimama langoni akaita 'Kiguu! Kiguu!', utamtolea nini? Muhuri?"

Mzee akakiweka kisu mezani.

"Ana mtihani, mama."

"Anasomea kuuguza watu, si kutunga mashairi. Atalia, atanawa uso, ataingia kwenye mtihani wake. Lakini akijua baba yake alighushi, bwana, kila barua yako atakuwa anaiinua kwenye mwanga kuichunguza."

Hilo lilimchoma mahali penyewe. Akaukata muhuri vipande viwili, akavitupa kwenye kopo la mabaki, akavuta karatasi safi.

"Mwanangu," aliandika, "Kiguu ametutoka." Baada ya sentensi hiyo kalamu ilisimama kitambo, kisha ikashika njia. Akamweleza juu ya jua la mlangoni na kaburi linalotazama lango. Akamkumbusha siku Kiguu alipopanda treni peke yake, akarudi siku ya tatu na kondakta nyuma yake, akimshitaki kwa kulala daraja la kwanza bila tiketi. Kurasa zikawa tatu. Lakini chini kabisa palibaki peupe, na mzee alipatazama mahali pale, akashindwa kuikunja barua.

Ghafla akapiga paja. "Posta!"

Miaka mitatu nyuma, posta walikuwa wamemwaga saruji mpya kwenye ngazi. Kabla haijakauka, Kiguu alipita juu yake na haraka zake, na karani akaja karakana akitoa moshi puani.

Mzee alifika posta na barua na penseli, akapiga magoti kwenye ngazi, foleni nzima ikimkodolea macho.

"Umedondosha nini, mzee?" karani aliuliza kutoka dirishani.

"Nafuata saini."

"Na yule mhuni wako yuko wapi? Wiki hii sina wa kumfukuza."

"Amesafiri. Safari hii hakudandia lori."

Karani akaelewa. Akatoka nje, akawaambia watu, "Jamani, pisheni ngazi kidogo." Kisha akainama kwa mzee. "Mkaguzi alitaka alama hizi zizibwe. Nikamwambia hiyo ndiyo nembo ya posta yetu."

Mzee akatandaza ukurasa wa mwisho juu ya saruji, akasugua penseli taratibu. Pakatokea kiganja, kikatokea kidole, cha pili, cha tatu, na pengo. Akaandika chini yake: "Saini halisi. Nimeihakiki mwenyewe. Baba yako."

Akakunja barua, akalamba gundi ya bahasha, akaikandamiza kwa kidole gumba na kubandika stempu. Karani akaigonga muhuri mara moja tu, kwa adabu, akaitumbukiza kwenye gunia la barua za mbali.