Jina Liliitwa Mara Tatu

Hasira zangu hazina breki, na sijawahi kuzificha. Kwa hiyo siku mume wangu Elysée aliporudi mikono mitupu kutoka ofisi ya leseni, mtu wa kwanza niliyemkasirikia alikuwa yeye. Elysée anapeleka watoto wa watu shule huko Westville, hapa Durban, kwa gari dogo la abiria, na kibali chake kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi. Dirishani walimwambia hawawezi kumpa kingine, maana kompyuta inaonyesha ana hati ya kukamatwa.

"Hati ya nini?" nikamuuliza. "Umeua mtu?"

"Ni ile mambo ya mapine," akasema. "Ya kule kaskazini."

Nikakaa chini. Mambo hayo ya tairi tuliyazika miaka miwili iliyopita. Wakati ule Elysée alikuwa akiuza nguo kwenye miji midogo ng'ambo ya mto Thukela, siku wazee wanapopokea pensheni. Polisi wa barabarani walimsimamisha, tairi za bakkie, pikapu yake ya mizigo, zimekwisha kabisa, wakampa karatasi ya kufika mahakama ya huko. Tarehe ilipofika, mimi niliamka na uchungu wa kuzaa mtoto wetu wa pili. Elysée akachanganyikiwa, hajui ashike lipi. Ndipo kaka yake mkubwa, Honoré, alipovaa suti, akaichukua ile karatasi na kusema, "Bakia na bibi yako. Mi ndio mukubwa, nitakujibia."

Hatukuona ajabu. Kwetu Uvira, Congo, mkubwa ndiye anayejibu. Honoré ndiye aliyesimamia mahari yangu, ndiye aliyezungumza na mwenye nyumba tulipohamia Greyville, na mtoto akipigana shuleni ndiye anayekwenda kusikiliza. Kaka mkubwa akiwepo, mdogo akijisemea mwenyewe huonekana hana adabu. Jioni ile Honoré alitukuta hospitali. "Imeisha," akasema. Tukamshukuru mpaka akatuomba tunyamaze.

Nilimwendea Verediana, Mtanzania wa ghorofa ya tatu ya jengo letu, ambaye ni mkalimani wa mahakama kwa miaka mingi. Alipiga simu mahakama ya kule siku tatu mfululizo kabla karani mmoja hajakubali kufungua daftari. Karani akasoma yaliyoandikwa: mshtakiwa aliitwa mara tatu kwenye korido, hakuitika, hakimu akatoa hati.

"Na shemeji yangu je?" nikadakia. "Yule aliyekuja kwa niaba yake?"

Hakuna kilichoandikwa kuhusu mtu mwingine yeyote.

Verediana akaweka simu chini. "Mdogo wangu, mahakamani mtu hajibiwi na mwingine, hata angekuja baba yake mzazi. Bila shaka shemeji yako alisema maneno yake, wakamwambia akae pembeni, naye hakuelewa."

Akanieleza la kufanya. Elysée ajipeleke mwenyewe, asisubiri kukamatwa, maana akikutwa na polisi barabarani siku ya Ijumaa atalala ndani mpaka Jumatatu, na watoto wa watu wamo garini. Hakimu atamuuliza swali moja tu: kwa nini hukuja? Akiridhika kwamba haikuwa kusudi, ataifuta hati papo hapo. Asiporidhika anaweza kumfunga. Na mtu aliyewahi kufungwa, nani atamkabidhi mwanawe kila asubuhi?

"Nitasema nilisahau," Elysée akasema tulipokuwa mezani.

"Hukusahau!"

"Yvette, nisimame mbele ya juge, niseme kaka yangu hakujua kazi? Ile maneno itafika mpaka kanisani."

"Na watoto watakula nini? Watakula heshima ya kaka yako?"

Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Kesho yake nilikwenda South Beach, kwenye duka ambako Honoré anatengeneza simu, nikamwambia mbele ya wateja kwamba Alhamisi atakuja nasi mahakamani. Alikuwa anafuta kioo cha simu. Akaendelea kukifuta ingawa kilikuwa safi, kisha akaniambia mimi shemeji yake, "Nitakuja, belle-sœur." Nilishangaa, maana Honoré si mtu wa kuamriwa na mwanamke, tena mke wa mdogo wake.

Mahakama ya kule kaskazini ilikuwa jengo fupi la matofali mekundu, jirani na stendi ya teksi na duka la mbolea. Elysée alijisalimisha kwa karani. Mkalimani wa Kiswahili hawakuwa naye, hivyo walifurahi kumwapisha Verediana. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, alisoma jalada polepole, halafu akauliza lile swali.

Elysée alishika ukingo wa kizimba. Nilijua anachotaka kusema: kwamba alisahau.

Honoré akasimama. "Mi ndio mukubwa yake," akasema.

Polisi wa mlangoni akamwamuru akae. Hakimu akasema, kupitia kwa Verediana, kwamba katika chumba hiki kila mtu anajijibia mwenyewe.

"Basi nijijibie mimi," Honoré akasema, na hakukaa.

Hakimu akanong'onezana na mwendesha mashtaka, kisha akaagiza aapishwe.

"Ile siku nilifika saa mbili ya asubuyi," Honoré akaanza, na Verediana akatafsiri sentensi baada ya sentensi. "Papier yangu ya asylum, ile ya mukimbizi, ilikuwa imekufa tangu miezi tano. Pa mlango kulikuwa polisi. Nikawaza wataniomba papier, watanirudisha Congo. Nikaogopa. Nilikaa inje, pa benchi, sikuingia. Wakatoka, wakaita jina ya Elysée. Wakaita tena. Mara ya tatu yule polisi akaniangalia, akaniuliza kama iko mtu ninangojea. Nikasema hapana."

Verediana, ambaye ametafsiri kesi za mauaji bila kupepesa macho, alisita kabla ya kuitafsiri hiyo hapana.

"Na kwa nini hukuwaambia ukweli ulipofika nyumbani?" hakimu akauliza.

"Nilienda hospitali ili niwaambie, Mama Juge. Nikakuta wameshaandikisha mtoto. Wamemupatia jina yangu, juu ya kazi nilifanya." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa na neno mu kinywa, nikaimeza. Kesho yake nikaimeza tena. Sasa ni miaka mbili."

Mimi ndiye niliyelitoa jina hilo. Tulikuwa tumepanga mtoto aitwe jina la marehemu baba yangu, nikabadili pale pale kitandani kwa shukrani, hata kabla Honoré hajafika, na Elysée alilia kwa furaha. Niliona aibu, sijui yangu au ya Honoré. Nilitaka kumpiga, na nilitaka pia kumfunika na kanga yangu watu wasimwone.

Hakimu hakurefusha. Alisema mshtakiwa hakukaidi mahakama kwa kusudi, akaifuta hati. Kuhusu tairi Elysée alikiri kosa, akapewa onyo akaachiwa. Karani akatuandikia barua yenye muhuri ya kupeleka ofisi ya leseni. Nilikuwa nimeingoja barua hiyo kwa wiki nzima, lakini nilipoipata nilikuwa natafuta mtu mwingine kwa macho.

Honoré alikuwa amekwisha kutoka. Tulimkuta stendi, kwenye foleni ya teksi za Durban, suti yote vumbi la stendi.

"Grand, twende," Elysée akamwambia, kama anavyomwita siku zote kwa kuwa ni kaka mkubwa. "Gari iko na nafasi."

"Usiniite Grand tena." Hakututazama. "Na mtoto, mumubadilishie jina. Mimi mwenyewe nitaenda Home Affairs, pale wanaandikisha watoto, nitawaeleza."

Watu wa foleni walikuwa wanatuangalia. Hasira yangu ilikuwa bado ipo, na itakaa sana, najijua. Lakini nilimwona mtu aliyesimama mbele ya hakimu na polisi na mimi, akasema lile ambalo hakuna aliyemlazimisha kulisema.

"Home Affairs haiombe mukubwa, Grand," nikamwambia. "Inaomba mama ya mtoto. Na mama hataki."

Akatoka kwenye foleni.