Tawi Lisilopewa Maji

Mama alikuwa na mti mmoja tu, taji la miiba, ndani ya kopo la rangi dirishani, pembeni mwa cherehani yangu. Asili yake kisiwa cha mbali, kwenye jua kali: shina nono, miiba mirefu, vijiua vyekundu mwaka mzima. Mti huo hunywa maji kwa nadra. "Huu una roho ngumu kama wewe," Mama alikuwa akinitania.

Tangu tumzike, kila nikikaa kushona nakuta udongo umelowa. Nikamvaa Baba.

"Baba, unauozesha mti!"

"Sijaugusa, mwanangu. Si mama yako mwenyewe anakuja kuumwagilia."

Nikamjia juu; habari za wafu zilikuwa zimenichosha. Lakini Baba hasemi uongo, na nyumbani tumebaki wawili.

Jumamosi mchana, katikati ya kupinda sketi ya mteja, nilishtukia nimesimama dirishani, glasi tupu mkononi. Sikumbuki kuinuka. Udongo ulikuwa bado unafyonza maji.

Siku ya upasuaji, Mama aliomba maji. Daktari alikuwa amekataza asinywe chochote. "Hata tone la kulowesha ulimi, mwanangu?" Nami, mwenye roho ngumu, nikamwambia: "Bado kidogo, Mama. Utakunywa ukitoka." Hakutoka. Hilo ndilo linalonila mpaka leo.

Mti ulikuwa umeshaoza chini. Nikakata tawi moja lililobaki zima, likachuruzika utomvu mweupe, nikalilaza mezani juu ya gazeti. Sheria yake alinifundisha Mama mwenyewe: kidonda kikauke kwanza, wiki nzima, bila hata tone. Ukilionea huruma, umeliua.

Siku ya tatu majani yakaanza kunyauka. Siku ya tano, cherehani ikiwa inanguruma, nikaisikia sauti ya chini, ya mtu aliyekaukiwa koo.

"Hata tone, mwanangu?"

Nikalishika gurudumu likasimama. Baba alikuwa mlangoni, macho yake kwenye lile tawi. Naye alikuwa amesikia.

"Mpe," akasema. "Mpe tu, jamani."

Glasi ilikuwa palepale, imejaa. Sijui nani aliijaza. Nikaishika, nikalia kwa sauti bila kumwonea Baba haya, kisha nikaenda kuyamwaga maji nje.

"Bado kidogo, Mama," nikasema. Zilibaki siku mbili.