Njano Juu ya Salfa

Fundi Rangi, ndivyo walivyomwita ofisini, hakuitikia salamu ya mtu asubuhi ile. Alipanda ngazi pembeni mwa duka la magodoro, akasukuma mlango kwa bega, akaenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya shemeji yake, mume wa dada yake na mwenye kampuni.

"Nani ameifuta kazi yangu?"

Shemeji hakuinua kichwa. "Kazi ipi?"

"Kwani ninayo nyingine?"

Kampuni ilitengeneza programu ya kuonyesha molekuli kwenye kompyuta, na watafiti wa dawa waliitumia. Kila atomi ilikuwa tufe dogo lenye rangi yake iliyozoeleka: oksijeni nyekundu, kaboni kijivu, salfa njano. Fundi Rangi alipewa kazi ya kuamua atomi ionekaneje mtu akiichagua. Aliizungushia pete ya kijani ili rangi ya atomi yenyewe isiguswe, na asiyependa kijani aweze kuibadilisha. Toleo jipya lilipotoka, pete haikuwemo. Atomi iliyochaguliwa iligeuka njano tupu.

Jana yake mama mmoja mtafiti alikuwa amepiga simu. Alionyesha picha ya protini mbele ya wenzake, akasema zile za njano ndipo dawa inaposhika. Nyingi zilikuwa salfa ambazo hakuzichagua. Walimcheka waziwazi. Alimtolea Fundi Rangi uvivu mpaka sikio likapata moto, na yeye, kwa kuwa jina lake ndilo lililoandikwa kwenye programu, akameza kila neno.

"Nimetukanwa kama mwizi wa kuku kwa kosa lako," alisema sasa.

"Njano inaonekana. Pete yako haionekani."

"Haionekani na nani?"

"Na wateja."

"Mteja gani? Mtaje."

Dada yake, aliyekuwa akiwajibu wateja kwenye meza ya pili, akasimama. "Jamani, watu wa chini wanasikia."

"Wasikie. Mumeo ana mkono wa kunifuta, hana mdomo wa kunijibu."

Alifungua toleo la zamani, akachagua oksijeni chache kati ya nyingi, akaigeuza kompyuta. "Haya, shemeji. Zilizochaguliwa ni zipi?"

Shemeji aliinama, akakaza macho. Kidole chake kilitangatanga juu ya kioo, kisha kikatua kwenye atomi isiyo na pete.

Dada yake alisogea. "Baba watoto?"

"Nyekundu na kijani sizitofautishi," alisema taratibu. "Tangu utoto. Nilikuwa namwonyesha mnunuzi, nikabofya, nikaona hakuna kilichobadilika. Yeye ananitazama, mimi natoka jasho. Niliporudi nikaweka njano."

"Na mimi miaka yote nakuuliza gauni lipi linanipendeza," mkewe alisema, akakaa.

Fundi Rangi alitarajia hasira itulie. Ikapanda. "Ungeniambia, ningebadilisha pale pale. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe ulitafuta wa kuumbuka badala yako. Mpigie yule mama. Mwambie ni wewe."

"Nitampigia jioni."

"Sasa hivi. Mbele yangu."

Akapiga. Mtafiti alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa ukweli, akasema wameshahamia programu nyingine.

Fundi Rangi akavuta kiti, akamwonyesha shemeji kwa kidole akae. Alijaribu pete nene, pete ya vipande vyeusi na vyeupe, kisha akazififisha atomi zote zisizochaguliwa. Kila mara aliuliza neno moja tu: "Unaona?" Ile ya vipande shemeji aliiona bila kukaza macho, hata juu ya oksijeni, hata juu ya salfa. Akaiacha hiyo, na orodha ya rangi akairudisha kwa anayetaka kuchagua mwenyewe.

"Samahani, shemeji," alisema mwenye kampuni.

"Nimesikia."

Siku nyingi zilizofuata walizungumza mambo ya kazi tu, na dada yake, katikati yao, alichoka kupeleka salamu kutoka meza moja hadi nyingine.